Ukaguzi wa viwanja vya ndege: wakague mzigo au wakague sura?

Watu wetu wa Pwani husafiri sana. Wako wanaokwenda Umra, wako wanaofanya kazi Dubai, Doha na Muscat, na wako wenye jamaa Uingereza. Karibu kila mmoja hurudi na kisa cha uwanja wa ndege: huyu amevuliwa viatu, yule amenyang'anywa chupa ya manukato, mwingine amewekwa kando kwa sababu ya jina au buibui. Swali barazani huwa lile lile: je, haya yote yanazuia uhalifu, ama ni usumbufu tu?

Kwa maoni yangu yanasaidia, lakini si yote, na hayasaidii kwa kiwango kimoja.

Tuanze na vifaa. Mlango wa kukagua chuma hugundua bastola na visu, lakini hauoni kilipuzi kisicho na chuma. Eksirei ya mizigo nayo hupaka picha rangi: chuma huonekana buluu, na vitu kama chakula, nguo na sabuni huonekana rangi ya machungwa. Shida ni kwamba vilipuzi vingi pia huonekana rangi ya machungwa. Kwa hivyo ukibeba bonge la halwa na afisa akakufungulisha begi, hajakuonea. Ameona kitu kizito ambacho picha peke yake haiwezi kukieleza. Hapo ndipo hupangusa begi kwa kitambaa kidogo, akakitia kwenye mashine inayotafuta chembe za vilipuzi. Ukaguzi wa namna hii una maana, kwa sababu unauliza swali kuhusu kitu.

Hata hivyo, nyuma ya kila mashine kuna binadamu anayechoka. Mwaka 2015 vyombo vya habari vya Marekani vilifichua matokeo ya majaribio ya siri yaliyofanywa na wakaguzi wa serikali yenyewe. Katika majaribio 70, silaha na mabomu bandia yalipita mara 67. Kaimu mkuu wa shirika la ukaguzi aliondolewa kwenye nafasi hiyo.

Je, hii ina maana mashine zing'olewe? La. Ukaguzi humlazimisha mhalifu kutumia kifaa kidogo, cha kuficha, na kigumu kulipua. Desemba 2001, Richard Reid alijaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa viatuni ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami. Kilikataa kuwaka, na abiria na wahudumu wakamkamata. Desemba 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Nigeria, alificha kilipuzi katika nguo ya ndani kwenye ndege ya Amsterdam kwenda Detroit. Kilishika moto bila kulipuka, na abiria wakamdhibiti.

Sasa tuje kwa lile linalotuuma, yaani kukaguliwa sura. Mimi niliwahi kuwekwa kando katika uwanja mmoja wa ng'ambo, nikaulizwa maswali kuhusu jina langu na la babu yangu kwa muda wa nusu saa. Begi langu halikufunguliwa hata mara moja. Kama ningekuwa na nia mbaya, wangekuwa wameninusuru. Reid naye alizaliwa London na alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Siku moja kabla ya safari ile alitiliwa shaka na kuhojiwa hadi akaikosa ndege. Kesho yake aliruhusiwa kupanda, kilipuzi kikiwa viatuni. Walimchunguza mtu, hawakuchunguza viatu.

Marekani ilijaribu pia kuweka maafisa wa kusoma tabia za abiria: nani anatoka jasho, nani anababaika. Zilitumika takriban dola milioni 900. Mwaka 2013 wakaguzi wa Bunge lao walisema hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba njia hiyo inafanya kazi, na wakashauri ipunguziwe fedha.

Kuna na tundu jingine. Februari 2016, bomu ndani ya laptopu lilitoboa ndege ya Daallo iliyokuwa imetoka Mogadishu kwenda Djibouti. Rubani alifaulu kurudi Mogadishu, na aliyekufa ni mwenye bomu. Kamera zilionyesha akikabidhiwa laptopu na wafanyakazi wa uwanja baada ya kupita ukaguzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi wa Mombasa tunakumbuka Novemba 2002, makombora mawili yaliporushwa kuilenga ndege ya Israeli ikiruka kutoka Uwanja wa Moi. Yalikosa shabaha. Yalirushwa kutoka nje ya uwanja, ambako hakuna abiria wa kukaguliwa.

Basi nini kinachozuia zaidi? Ni taarifa. Njama ya mwaka 2006 ya kulipua ndege kutoka Uingereza kwa vilipuzi vya majimaji, ambayo ndiyo chanzo cha sheria ya mililita 100, iligunduliwa na wapelelezi kabla washukiwa hawajafika uwanjani. Na baba yake Abdulmutallab, mzee Muislamu, alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Abuja mwezi mmoja kabla, akaeleza hofu yake juu ya mwanawe. Taarifa ilipokewa, lakini visa ya kijana haikufutwa.

Nawaomba wenye mamlaka wamfikirie mzee huyo. Mzazi hupeleka habari nzito namna ile kwa mtu anayemwamini, si kwa mtu aliyemdhalilisha foleni nzima ikitazama. Tukaguliwe sote sawa, na wafanyakazi wa uwanja wakaguliwe kama sisi. Dada zetu wakaguliwe na maafisa wanawake, tena faraghani. Nasi tutoe viatu na tufungue mabegi bila kununa. Heshima haipunguzi usalama hata kidogo. Ndiyo inayomfanya mzazi mwenye hofu anyanyuke kwenda kusema mapema.