Kipimo cha Nywila Kinachojua Kiswahili: Jinsi Kinavyojengwa na Kujaribiwa

Siku hizi mkazi anayetafuta leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa au huduma ya kodi huanza kwa kufungua akaunti mtandaoni. Wengi huifungua kwenye saiba huku foleni ikiwasubiri nyuma yao, na nywila huchaguliwa kwa haraka: jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, au jina la timu na nambari 1 mwishoni. Kwenye tovuti nyingi, mstari mdogo chini ya kisanduku hugeuka kijani na kusema kwamba nywila hiyo ni imara. Mkazi huamini na kuendelea.

Mstari huo ni kazi ya programu ndogo inayopima nguvu ya nywila. Ikipima vizuri, humkinga mkazi kabla hajapata hasara. Ikikosea, humpa imani isiyo na msingi, na akaunti yenye nambari ya kitambulisho, hati za ardhi au rekodi za kodi hubaki wazi kwa mwizi.

Kinachopimwa

Vipimo vya zamani vilihesabu tu: je, kuna herufi kubwa, nambari na alama? Kwa hesabu hiyo, Nairobi@2024 hupita bila shida. Lakini mwizi wa mtandaoni habahatishi herufi moja moja. Huanza na orodha ya nywila ambazo watu hupenda kutumia, na kompyuta yake huzijaribu kwa kasi. Mwaka wa 2009 nywila zaidi ya milioni 32 za watumiaji wa kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ziliibwa zikiwa zimehifadhiwa bila kufichwa. Iliyotumiwa na watu wengi zaidi ilikuwa 123456. Tangu hapo, wezi hawana haja ya kukisia watu hupenda nini, wanayo orodha.

Vipimo vya kisasa hufuata njia ya mwizi. Kimoja kinachojulikana sana ni zxcvbn, kilichotolewa mwaka wa 2012 na Dan Wheeler wa kampuni ya Dropbox. Jina lake ni herufi sita za safu ya chini ya kibodi, mfano wa nywila ambayo mvivu angeichagua. Programu hii hutafuta maneno ya kawaida, majina ya watu, tarehe, herufi zinazofuatana na mifumo ya kibodi. Pia hutambua ujanja wa kuandika 0 mahali pa o au @ mahali pa a. Kisha hukadiria mwizi angehitaji majaribio mangapi, na kutoa alama kuanzia 0 hadi 4.

Pengo la lugha

Orodha zinazokuja na zxcvbn zimetokana na nywila zilizovuja, Wikipedia ya Kiingereza, majina ya watu wa Marekani, na maneno ya filamu na vipindi vya televisheni vya huko. Neno lililo nafasi ya 500 kwenye orodha huhesabiwa kuwa litapatikana kwa majaribio 500. Lakini kipande cha nywila kisichotambuliwa huhesabiwa kama herufi za kubahatisha, na kila herufi huzidisha majaribio mara 10.

Hapo ndipo hatari ilipo. Neno la Kiswahili lenye herufi 10, iwapo halimo kwenye orodha yoyote, linaweza kukadiriwa kuhitaji majaribio bilioni 10 na kupewa alama ya juu. Kwa mwizi anayejua Kiswahili, neno hilo hilo ni la kila siku na atalifikia mapema. Majina ya mito, masoko, vijiji na koo zetu yako hatarini vivyo hivyo.

Kukijenga kutoka kwenye msimbo

Dawa ya pengo hili ipo kwa sababu msimbo wa zxcvbn uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila malipo. Kazi hii inaweza kufanywa na fundi wa kompyuta wa chama cha akiba, shule au ofisi, au na vijana wa vyuo vya ufundi wanaojifunza programu.

Kwanza, fundi hupakua msimbo kutoka kwa wenyewe, si nakala ya kupitishwa mkono kwa mkono. Pili, huijenga programu kama ilivyo na kuendesha majaribio yanayokuja nayo, bila kugusa chochote. Majaribio yakifeli hapa, shida iko kwenye kompyuta au vifaa vyake, na hurekebishwa kwanza. Tatu, huongeza orodha ya maneno ya Kiswahili na ya lugha za wenyeji, yale yanayotumiwa sana yakitangulia, kisha huijenga programu upya. Nne, hutafsiri ushauri wa programu, kwa kuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Onyo lisiloeleweka halimsaidii mtu.

Programu hii pia hupokea maelezo ya mtumiaji mwenyewe, kama vile jina, barua pepe na nambari ya simu, ili akiyatumia ndani ya nywila alama zishuke.

Kukijaribu kabla ya kukiamini

Kujengwa bila hitilafu si thibitisho kwamba kipimo kinapima sawa. Kabla ya kukiweka kwenye tovuti, fundi huandika orodha mbili. Ya kwanza ni ya nywila ambazo lazima zikataliwe: nakupenda123, harambee2022, gormahia1968, jina la kaunti na mwaka wa uchaguzi. Ya pili ni ya nywila ambazo lazima zikubaliwe, kama vile maneno manne au matano yasiyohusiana. Nywila ya orodha ya kwanza ikipita, orodha ya maneno huongezwa na jaribio hurudiwa. Ya orodha ya pili ikikataliwa, kipimo kimekuwa kikali kupita kiasi, na watu wataanza kutafuta njia za mkato.

Majaribio hutumia nywila za kubuni tu, kamwe si za wakazi. Pia fundi huhakikisha kwamba upimaji unafanyika ndani ya simu au kompyuta ya mtumiaji, bila nywila kutumwa kwingine ili ipimwe.

Kazi hii ina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde. Taarifa zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72.

Kwa mkazi

Hadi vipimo vijue lugha zetu, mkazi asitegemee rangi ya kijani pekee. Mambo haya yatamsaidia:

• Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana. Epuka methali na mistari ya nyimbo, kwa maana mwizi pia anazijua.
• Usitumie jina lako, la mtoto, nambari ya simu wala mwaka wa kuzaliwa.
• Kila akaunti iwe na nywila yake, hasa barua pepe, kwa sababu nywila nyingine hubadilishwa kupitia hapo.
• Usiandike nywila yako halisi kwenye tovuti usiyoijua inayodai kuipima.
• Ukisaidiwa kwenye saiba, andika nywila mwenyewe. Iwapo mhudumu ndiye aliyeichagua au aliinakili kwenye daftari, ibadilishe siku hiyo hiyo.
• Pale huduma inapotuma nambari ya uthibitisho kwa simu, iwashe, na nambari hiyo usimpe mtu yeyote.

Kipimo bora hakiwezi kuilinda nywila ambayo tayari iko kwenye daftari la mtu mwingine.