Rafiki Kidoleni, Adui Ubongoni

Bila shaka umewahi kujikata kidole ukikatakata sukumawiki. Damu ilichuruzika, ukakibana kidole kwa kitambaa, na baada ya dakika chache ikakoma. Ukaendelea na mapishi. Je, msomaji, ulijiuliza ni nini kilichoziba ule mfereji?

Kilichofanya kazi hiyo huitwa thrombini. Ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha shughuli za kikemikali mwilini. Ini ndilo hutengeneza asili yake, likisaidiwa na vitamini K ambayo imejaa tele katika hiyo hiyo sukumawiki. Asili hiyo huzunguka katika damu ikiwa imelala. Mshipa ukikatika huamka, ikageuka kuwa thrombini, nayo huikata protini fulani ya damu na kuifanya nyuzinyuzi. Nyuzi hizo hufumana kama wavu, na damu huganda.

Hadi hapo thrombini ni rafiki yako. Lakini kuna mahali ambapo haifai kuingia kwa wingi, nako ni ubongoni.

UKUTA UKIBOMOKA

Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimeshonana barabara, hazipitishi ovyo vilivyomo katika damu. Mshipa ukipasuka kichwani kwa sababu ya presha au ajali ya barabarani, damu humwagika penye seli za ubongo, na thrombini huwa imo ndani yake.

Seli hizo huwasiliana. Moja hutoa kemikali iitwayo glutameti, na jirani yake huipokea mlangoni. Baadhi ya milango hiyo huzibwa na magnesiamu, kama kizibo cha chupa, ili isifunguke kwa kila kelele. Mwanafunzi anayedurusu hesabu jioni huitegemea milango hiyo ili akumbuke alichosoma.

Mwaka 1991 wanasayansi huko Marekani walieleza jinsi thrombini inavyoiamrisha seli. Juu ya seli kuna kipokezi. Thrombini hukikata kipande cha mbele, na ncha inayobaki hujipachika kwenye kipokezi hicho hicho na kukiamsha. Ni kama kufuli iliyobeba ufunguo wake.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, jijini Atlanta, walionyesha kwamba kipokezi hicho kikiamshwa, kizibo cha magnesiamu hulegea. Katika vipande vya ubongo wa panya, mwitikio wa milango ya glutameti uliongezeka karibu maradufu.

Kuna ubaya gani? Mlango ukikaa wazi mno, kalsiamu humiminika ndani na seli yaweza kufa. Seli nyingi zikipiga kelele kwa pamoja, mgonjwa aweza kushikwa na kifafa. Mwaka 2003 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila kipokezi hicho walipokatiziwa damu ya ubongo kwa muda, sehemu iliyoharibika ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao.

Hata hivyo, thrombini si shetani. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba ikiwa kidogo sana yaweza hata kuzikinga seli za ubongo. Madhara huja inapozidi.

WEWE UFANYE NINI?

Pimisha presha yako mara kwa mara, hata kama hujisikii mgonjwa. Na ukimwona mzee wako mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno yanamkwama ghafla, usipoteze wakati ukijadiliana na majirani kama amerogwa. Mkimbize hospitalini mara moja.

Tena usimpe aspirini nyumbani. Kiharusi ni cha aina mbili: mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ni picha ya kichwa inayopigwa hospitalini ndiyo hutoa jibu. Aliyeziba mshipa aweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo hiyo, damu huzidi kuvuja.

Kwa hivyo, dalili zikianza, tazama saa na uandike. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari atakuuliza.