Kompyuta Inapopiga Hodi Mtandaoni

Mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta 40 na flashi moja ya kusakinishia mfumo endeshi anajua kazi inayomsubiri. Kila mashine inataka nusu saa hivi: kuchomeka flashi, kuwahi kitufe cha kuchagua pa kuanzia, kuchagua lugha, majira ya saa, jina na neno la siri, kisha kungoja. Ni saa 20 za kuzunguka meza kwa meza. Tena ikifika mashine ya 25 macho yamechoka na vidole vinaanza kukosea. Matokeo yake ni chumba kimoja chenye kompyuta za kila tabia: hii haina programu ya uhasibu, ile ina neno la siri ambalo aliyeliweka amelisahau.

Ipo njia nyingine, nayo haihitaji vifaa vya anasa. Kompyuta zote zichomekwe kwenye swichi moja pamoja na seva, kisha zijichukulie mfumo zenyewe kupitia waya wa mtandao. Mafundi huiita kubuti kwa mtandao. Nimeitumia kwa miaka mingi, na naamini kila chumba cha kompyuta kinastahili kuwa nayo. Lakini anayeiweka lazima aelewe jambo moja lililo kiini chake: mashine tupu humwamini yeyote anayeijibu.

Tuanze pale swichi ya umeme inapobonyezwa. Kompyuta yenye diski tupu haijafa. Kwenye ubao mama ina chipu yenye programu ndogo, ya aina ya zamani iitwayo BIOS au mpya iitwayo UEFI, ambayo huamka, hukagua viungo vya mashine, kisha hutafuta cha kuendesha. Ikiwa imeelekezwa mtandaoni, inakuta haina anwani wala haijui seva iko wapi. Kitu pekee inachokijua ni anwani ya MAC ya kadi yake ya mtandao, tarakimu 12 ilizopewa kiwandani.

Basi hupiga hodi. Hutuma ujumbe wa DHCP, itifaki ya kuomba na kugawa anwani, kwenda 255.255.255.255, maana yake kwa wote waliomo katika mtandao ule, na mahali pa anwani ya mtumaji huandika 0.0.0.0, kwa kuwa bado haina. Ndani ya ujumbe hujitambulisha kwa neno PXEClient na namba ya aina yake: 0 kwa BIOS ya zamani, 7 kwa UEFI ya biti 64. Namba hiyo si ya kupuuza, kwani faili la kuanzishia BIOS haliendeshi UEFI. Ukiona nusu ya chumba imewaka na nusu imekwama kwenye skrini nyeusi, anza kuchunguza hapo.

Sisi tumefundishwa hodi tatu, usipojibiwa uondoke. Kanuni ya PXE, yaani ya kubuti kwa mtandao, iliyochapishwa na Intel mwaka 1999 katika toleo la 2.1, inaipa mashine hodi nne: inasubiri sekunde 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Dakika moja ikipita kimya, inakata tamaa. Chipu nyingine hukata tamaa mapema zaidi, na hapo ndipo swichi za ofisi huwatesa mafundi. Swichi nyingi za kitaalamu hushikilia tundu lililowashwa sasa hivi kwa sekunde 30, zikihakikisha waya haujazunguka na kujirudia. Hodi inapigwa, lakini mlango bado umezibwa. Dawa ni kuiambia swichi kwamba matundu hayo ni ya kompyuta za kawaida, yafunguke mara moja.

Seva ikisikia, hujibu karibu yenye mambo matatu: anwani ya kutumia, seva ya kuchukulia faili, na jina la faili lenyewe. Mashine huikubali ofa hiyo, seva huthibitisha, na mazungumzo huishia kwenye jumbe nne.

Kuchukua faili ni kazi ya TFTP, itifaki nyepesi kuliko zote kwa sababu ilibidi itoshe ndani ya chipu ndogo. Haina neno la siri wala orodha ya mafaili. Hutoa kipande cha baiti 512, hungoja kiitikiwe, ndipo itoe kingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujaa polepole. Faili la megabaiti 30 lina vipande karibu 59,000. Kila kipande kikichukua milisekunde 1 kwenda na kurudi, hiyo ni dakika moja. Seva ikiwa mbali na kila kipande kikachukua milisekunde 10, ni dakika kumi. Tangu mwaka 1995 kuna kanuni ya kukubaliana vipande vikubwa zaidi, nayo husaidia. Mimi hutumia TFTP kupeleka faili la kwanza tu, yaani iPXE, programu ndogo ya bure ambayo ikishaamka huchukua yanayobaki kwa HTTP, kama kivinjari kinavyofungua ukurasa.

Kinachofuata ni kerneli, moyo wa mfumo endeshi, pamoja na kifurushi cha mafaili ya kuanzia. Vyote huingia kwenye kumbukumbu ya mashine bila kugusa diski. Hapo njia hugawanyika.

Njia ya kwanza ndiyo ya kale: kompyuta iendelee kufanya kazi bila diski kabisa, mafaili yake yakikaa kwenye seva. Teknolojia hii ilizaliwa kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 diski ilikuwa ghali mno, na kampuni ya Sun Microsystems iliuza kompyuta za kazi zisizo nayo. Septemba 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa Sun walichapisha BOOTP, itifaki ya hodi na karibu ambayo DHCP ya mwaka 1993 ilijengwa juu yake. Mpaka leo, kwa mradi wa LTSP ulioanza mwaka 1999, shule inaweza kuzifufua kompyuta kuukuu ambazo diski zake zimekufa.

Njia ya pili ni kusakinisha. Kerneli iliyoingia ni ya kisakinishi, nayo hupewa faili la majibu: lugha, majira, namna ya kugawa diski, programu za kuweka. Debian huliita preseed, Red Hat huliita Kickstart, na Windows ina lake. Maswali uliyokuwa ukiyajibu mara 40 unayajibu mara moja, tena ukiwa umeketi na akili imetulia. Mashine zote 40 zinatoka sawasawa.

Piga hesabu ya waya kabla ya kuanza. Mfumo wa gigabaiti 5 kwa mashine 40 ni gigabaiti 200. Seva ikiwa kwenye swichi ya megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni saa nne na nusu hivi hata kila kitu kikienda bila hitilafu. Kwa swichi ya gigabiti 1 ni dakika 27. Zipo pia programu kama Clonezilla ambazo hutuma nakala moja tu na mashine zote zikaipokea kwa pamoja, kama wasikilizaji wa redio. Hapo hata swichi ya zamani inaweza kumaliza kwa dakika chache, diski zikimudu kasi hiyo.

Sasa turudi kwenye karibu. Hodi ya mashine inasikika na wote, na hakuna anayeulizwa kitambulisho. Katika chuo kimoja nilichokuwa nikihudumia, asubuhi moja mashine zote ziligoma kuwaka. Nilipekua seva saa nzima bila kuona kosa. Mwishowe nilikuta kwamba mtu, kwa nia njema ya kupata Wi-Fi, alikuwa amechomeka rauta ya nyumbani kwenye tundu la ukutani. Rauta ile nayo hugawa anwani, na ilikuwa ikijibu kabla ya seva yangu. Haikuwa na faili lolote la kutoa. Mwenye nia mbaya angekuwa nalo, na mashine zangu 40 zingelipokea vilevile.

Kwa hiyo weka kazi hii kwenye mtandao wake, uliotengwa na wageni. Washa kinga ya swichi inayoruhusu majibu ya DHCP kutoka tundu la seva peke yake. Usizime Secure Boot ya UEFI kwa uvivu, kwani ndiyo inayokagua saini ya faili kabla ya kuliendesha. Na usiandike neno la siri waziwazi kwenye faili la majibu: yeyote aliye mtandaoni anaweza kuliomba, akapewa.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kisakinishi cha kujiendesha hufuta diski bila kuuliza. Mashine ya mhasibu iliyopangwa kuanzia mtandaoni inaweza kuwashwa upya usiku umeme ukirudi, ikapiga hodi, ikapokelewa, na asubuhi hesabu za mwaka zisiwepo. Chaguo la kwanza katika menyu ya seva liwe siku zote kuirudisha mashine kwenye diski yake. Usakinishaji upewe mashine ambazo MAC zake umeziandika mwenyewe, moja moja, na zikishamaliza uziondoe kwenye orodha. Kuandika tarakimu 12 mara 40 kunachosha, lakini ndiyo kazi pekee ya mkono iliyobaki, na ndiyo inayoilinda mashine ya mhasibu.