Kiungo cha Taya na Yaonekanayo Kando: Picha ya Panorama, Upasuaji na Lugha ya Mgonjwa Mjini Bunia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo katika tiba ya kinywa huenda pamoja: upasuaji wa kiungo cha taya, na mambo yanayoonekana pasipo kutafutwa katika picha ya panorama ya meno. Suala hili laweza kudhaniwa kuwa la waganga peke yao. Hata hivyo, mjini Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, ni suala la lugha pia. Elimu ya tiba hutolewa kwa Kifaransa, na ripoti huandikwa kwa lugha hiyo. Mgonjwa aliyekulia katika Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira hukutana na munganga wake katika Kiswahili. Neno moja lililoteuliwa vibaya njiani laweza kumfanya mwenye afya aamini kwamba ana saratani, au kumrudisha nyumbani mwenye saratani akiwa ameridhika.

2.0 Kiungo chenyewe

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya tundu la sikio, kila upande kimoja. Kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa katika kishimo cha fuvu, na kati yao pana kisahani cha gegedu. Kinywa kinapofunguka, kichwa hicho kwanza huzunguka mahali pake, kisha huteleza mbele pamoja na kisahani. Viungo viwili hivi havina budi kwenda pamoja, kwa kuwa vimefungwa katika mfupa mmoja. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida aweza kupitisha vidole vyake vitatu, vilivyopangwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini.

Mgonjwa asemapo "taya limefunga", kauli hiyo huweza kubeba maradhi yasiyofanana hata kidogo. Huenda ikawa pepopunda, ambayo ni hatari ya kufisha na huhitaji matibabu ya haraka. Huenda ikawa jipu la gego la mwisho, au msuli uliokaza, au kisahani kilichohama. Aidha, huenda mfupa wa taya umegandamana na fuvu. Hali hiyo hapa itaitwa kuganda kwa kiungo. Hutokea hasa baada ya mtoto kuanguka na kujigonga kidevu, baada ya maambukizo ya sikio kuenea, au baada ya ugonjwa wa noma unaokula mashavu ya watoto wenye utapiamlo.

3.0 Picha ya panorama

Picha ambayo Tanzania huitwa ya eksirei, Bunia huitwa "radio", neno lililotoka katika Kifaransa. Radio ya panorama huonyesha mataya yote mawili, meno yote na viungo vyote viwili katika ukurasa mmoja. Mbinu hii iliendelezwa na Yrjö Paatero wa Helsinki, Finland, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgonjwa husimama ameuma kijiti, na mashine huzunguka kichwa chake kwa sekunde chache. Tabaka lenye umbo la upinde wa meno hutokea wazi. Vilivyo nje ya tabaka hilo hufifia.

Kutokana na utaratibu huo, picha huwa na kasoro za asili. Hereni iliyosahauliwa sikio la kulia huweza kutoa mzuka wake upande wa kushoto, juu zaidi na kwa ukungu. Kichwa cha taya hupinda kwa namna mgonjwa alivyosimama. Kisahani cha gegedu hakionekani kabisa. Kwa hiyo picha hii yafaa kwa kuanzia uchunguzi. Kuganda kwa kiungo huthibitishwa kwa skana, na kisahani huchunguzwa kwa picha za sumaku.

4.0 Yaonekanayo kando

Kwa kuwa picha huchukua eneo pana, mganga aliyetafuta gego huona mengine. Mambo hayo yaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale ambayo kwa kawaida hayahitaji lolote: vijiwe vidogo ndani ya mafindofindo, au mfupa mwembamba ulio chini ya sikio uliorefuka kuliko kawaida. Watt Eagle, daktari wa Marekani, alieleza mwaka 1937 kwamba mfupa huo ukirefuka waweza kuleta maumivu ya koo; lakini wengi walio nao hawaumwi.

Fungu la pili ni yale yanayodai uchunguzi zaidi, si upasuaji. Tezi za shingo zilizogeuka chokaa huweza kuwa alama ya kifua kikuu cha zamani. Chokaa katika ateri ya shingo, ambayo Friedlander na Lande waliieleza katika picha za panorama mwaka 1981, yaweza kuwa onyo la kupima shinikizo la damu na kisukari.

Fungu la tatu ni yale yasiyongoja. Kila jino huzungukwa na mstari mweupe mwembamba, ambao ni ukuta wa mfupa unaolishika. Mstari huo ukipotea kuzunguka meno ya mtoto anayeishi katika ukanda wa malaria, na meno yakaanza kulegea, mganga lazima afikirie uvimbe wa Burkitt.

5.0 Wakati wa kisu na wakati usio wa kisu

Uvimbe huo una historia ya jirani. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika pamoja na Edward Williams na Clifford Nelson ili kujua mipaka yake. Williams alikuwa mganga wa Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo ya mpaka wa eneo la Aru katika Ituri. Ilibainika kwamba ugonjwa huo hufuata nchi zenye joto na mvua. Jambo lenye uzito zaidi hapa ni kwamba mpasuaji huyo alitambua kuwa kisu hakiuponyi, ilhali dawa za saratani huweza kuuyeyusha. Kwa kuwa uvimbe huo hukua kwa kasi ya ajabu, wiki chache za kungoja ni nyingi.

Kinyume chake, kuganda kwa kiungo hakuna dawa ya kumeza. Mpasuaji hukata mfupa uliogandamana na kuacha pengo, kisha mara nyingi huweka humo kipande cha msuli wa panja ili mifupa isishikane tena. Kwa mtoto huweza kutumia kipande cha ubavu pamoja na gegedu yake. Hatari ni mbili kubwa. Kwanza, neva ya uso hupita karibu, na ikijeruhiwa jicho huweza kushindwa kufumba. Pili, kinywa kisichofunguka humzuia mtoa nusukaputi kupitisha mpira wa pumzi kwa njia ya kawaida. Baada ya upasuaji mgonjwa hana budi kufanya mazoezi ya kufungua kinywa kwa miezi mingi. Asipofanya, kiungo huweza kuganda upya.

Maumivu ya kawaida ya kiungo, pamoja na milio yake, kwa wengi hupungua bila kisu: chakula laini, kukanda kwa maji moto, dawa za maumivu na mazoezi. Haraka ina gharama. Nchini Marekani, wagonjwa wengi walitiwa katika miaka ya 1980 vipandikizi vya Proplast na Teflon, ambavyo vilivunjika na kuula mfupa, hata serikali ikalazimika kutoa onyo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

6.0 Suala la istilahi

Je, jambo lililoonekana pasipo kutafutwa liitweje? "Ugunduzi wa bahati" hudokeza heri, nayo si heri daima. "Ugonjwa uliojificha" hutoa hukumu kabla ya ushahidi. Istilahi "mwonekano wa kando" yafaa zaidi: husema kwamba kitu kimeonekana, na kwamba hakikuwa kiini cha safari ya mgonjwa, bila kusema ni ugonjwa.

Hali kadhalika, mwuguzi anayefasiri asiruhusu neno "uvimbe" lisimame peke yake. Amweleze mgonjwa mambo matatu: kilichoonekana, fungu kinamoangukia, na siku ya kurudi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba picha ya panorama huonyesha kivuli, wala haitoi hukumu. Baadhi ya vivuli huachwa, baadhi hufuatiliwa, na vichache humtaka mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo. Kuvitenganisha ni kazi ya mganga. Kuhakikisha kwamba mama kutoka Aru au Mahagi ametoka hospitalini akijua mtoto wake yuko fungu gani ni kazi ya Kiswahili, na wanaokifundisha katika vyuo vya Bunia wana wajibu wa kukiandaa kwa kazi hiyo.