Kuiba depa ku MotoGP: kosa ni kitu moja, azabu ni kitu ingine

Kati yetu kuko wengi wenye kufuata MotoGP ku telefone, hata kama hapa Kolwezi moto tunaijua zaidi kama kazi ya kutafuta mukate. Kila mara mukimbizaji anapopewa azabu ya kuiba depa, maneno yanaanza. Huyu anasema: "Alisogea kidogo tu, hakupata faida yoyote." Mwingine anajibu: "Sheria ni sheria." Wanabishana mpaka mega zinaisha, na hakuna anayeshinda.

Naona hawabishani juu ya swali moja. Kuko maswali mawili. La kwanza: je, kosa lilifanyika? La pili: kama lilifanyika, azabu iwe ya uzito gani? Tukiyatenganisha, mambo yanakuwa wazi.

Tuanze na sheria yenyewe. Kabla ya depa, kila moto inasimama mu nafasi yake iliyochorwa chini. Taa nyekundu zinawaka kwa muda wa kati ya sekunde 2 na 5, na hakuna anayejua zitazimika lini. Mukimbizaji ameshaingiza vitesi ya kwanza, injini inalia kwa nguvu, mukono wa kushoto umeshika ambreyaje, wa kuume umeshika freni ya mbele. Ambreyaje ikiachiliwa kidogo zaidi, moto inaanza kutambaa. Sheria inauliza jambo moja: wakati taa zilizimika, moto ilikuwa imesimama ao ilikuwa inasogea? Kama ilikuwa inasogea, ni kuiba depa. Haiulizi ilikuwa sentimita ngapi, wala kama ulipita mtu.

Lakini kuko mulango mudogo. Kama moto ilisogea kidogo halafu ikasimama tena wakati taa bado zinawaka, hapo waamuzi njo wanaangalia kama kulikuwa faida. Katika hali hiyo wana uhuru wa kupima. Kama taa zilizimika moto ikiwa bado inasogea, uhuru huo hawana.

Sasa tuangalie kesi iliyogawanya wapenzi wa mbio hizi. Tarehe 31 mwezi wa 3, 2019, ku Termas de Río Hondo, inchi ya Arjentina, Mwingereza Cal Crutchlow alisogea kidogo sana. Wengi waliokuwa wanaangalia hawakuona kitu. Waamuzi wakiongozwa na Freddie Spencer, bingwa wa dunia wa zamani, walimupa azabu ya kupita mu njia ya magaraji, mahali moto hairuhusiwi kupita kilometa 60 kwa saa, wakati wenzake wanaendelea na mbio yao kule inje. Alimaliza wa 13, na alikasirika sana. Majuma mawili baadaye, ku Austin, Marekani, Maverick Viñales na Joan Mir walipata azabu ile ile. Viñales alimaliza wa 11, Mir wa 17.

Linganisha na 2014, ku Austin kule kule. Jorge Lorenzo aliondoka mbele taa hazijazimika, wazi kabisa, hakuna aliyehitaji kurudia picha. Alipewa nini? Paka njia ya magaraji. Alimaliza wa 10. Kila mbio na hesabu yake, ni kweli, lakini ona: aliyeondoka mapema mbele ya macho ya wote na aliyesogea kidogo tu walimeza dawa moja, dozi moja.

Hapo njo tunaweza kuona kila upande una haki wapi. Wanaosema "sheria ni sheria" wana haki kwa swali la kwanza. Mustari lazima uwe mustari. Ukianza kuuliza "alipata faida gani?", "alikusudia?", unaingia mu moyo wa mutu, na mu moyo hakuna kamera. Leo utasamehe sentimita 5, kesho mwingine ataomba 10, na jina kubwa litasamehewa kupita jina dogo.

Wanaosema "azabu ni kali mno" nao wana haki, lakini kwa swali la pili. Sisi wa kilimo tunajua hilo: kutambua kiwavi mu mahindi ni kazi moja, kupima dawa ni kazi ingine. Kiwavi ni kiwavi, hata akiwa mudogo. Lakini haimaanishi umwage bidoni muzima kwa shamba lote. MotoGP yenyewe ilifikia huko. Baadaye azabu ya kawaida ya kuiba depa ikawa kupita mara mbili mu njia ndefu, kipande kilichochorwa inje ya kona, ambacho kinakupotezea sekunde chache kila mara. Kosa likabaki vile lilivyo, dozi ikapunguzwa.

Riadha ilichukua njia ingine. Tangu 2010, anayeiba depa mu mbio fupi anatoka mara moja. Usain Bolt alitolewa hivyo mu finali ya mita 100 ku Daegu, 2011. Mu 2022, ku Eugene, Devon Allen alitolewa mu finali ya mita 110 kuruka viunzi sababu mashini ilipima sekunde 0.099, na mupaka ni 0.100. Elfu moja ya sekunde! Pale mustari ni mukali na azabu ni kali pia, na njo maana kilio hakiishi.

Kuko swali la tatu ambalo sisi wa Lualaba tunalielewa haraka: nani anasoma kipimo? Ku Musompo, wachimbaji wanalalamika tangu zamani juu ya mizani na juu ya mashini ya kupima asilimia ya kobalti, ile wanaita Metorex. Malalamiko makubwa ni kwamba munuzi anaishika na kuisoma mwenyewe. Hakuna mutu anayekataa kwamba madini ipimwe. Wanataka waone namba na waamini mukono unaoshika mashini. Ku MotoGP ni vilevile: picha ya kamera ikionyeshwa watu wote, hata aliyeazibiwa ataumia bila kufikiri aliibiwa.

Na sisi wenye lisansi, tunaotembeza madosye ya kazi, tunajua uchungu wa kinyume chake. Dosye yako ikichelewa dakika moja, wanakwambia sheria ni sheria. Ya mutoto wa shefu ikifika kesho yake, inapata mulango mudogo. Hapo ubaya hauko mu ukali wa mustari. Uko mu mustari unaosogea kufuatana na jina lako.

Kwa hiyo, siku mukibishana tena juu ya depa, muulize moja kwa moja: moto ilikuwa inasogea ao hapana? Azabu inalingana na kosa? Kipimo kinaonekana na wote? Mutu akikujibu "alisogea kidogo tu", amejibu swali la pili na kuruka la kwanza. Mupatie nafasi, halafu murudishe ku mustari.