Fyuzi Isiyoungua

Maganzo, mji wa madalali wa almasi ulio jirani na mgodi wa Mwadui, betri ya lithiamu iko kila mahali: kwenye simu, kwenye tochi ya kichwani, kwenye redio ya sola. Ndani ya nyingi ya betri hizo mna kipande kidogo kinachofanya kazi ya fyuzi, ila hakiungui. Mkondo ukizidi, kinajifunga. Umeme ukikatwa nacho kikapoa, njia inafunguka tena.

Kimetengenezwa kwa polithini, ndugu wa mifuko na madumu. Polithini haipitishi umeme, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na masizi ya kaboni, na chembe za masizi zikigusana ndipo njia inapopatikana. Mkondo ukizidi, joto linapanda. Kwenye nyuzi 125 hivi za Selsiasi fuwele za polithini zinayeyuka, plastiki inavimba, chembe zinaachana, na ukinzani unapanda maelfu ya mara.

Wengi wanaokieleza kipande hiki huishia hapo, lakini ugumu wenyewe naona uko kwenye elektrodi: karatasi mbili za nikeli, au za shaba iliyopakwa nikeli, zilizoibana plastiki juu na chini. Polithini haishikani na kitu kwa urahisi. Jaribu kubandika kiraka kwa gundi kwenye dumu uone. Na polithini ya fyuzi hii inavimba na kusinyaa kila inapofanya kazi. Karatasi nyororo ingebanduka. Dawa yake fundi mwashi anaijua: ukuta laini huchokorwa kwanza ndipo upigwe lipu. Nikeli hutandazwa kwa umeme ndani ya maji yenye chumvi zake mpaka uso unaota vinundu, kisha plastiki ya moto hushindiliwa, ikapenya katikati ya vinundu na kung'ang'ania. Hataza ya kampuni ya Raychem ya Marekani, ya mwaka 1987, ilitaja vinundu vya mikroni 0.1 hadi 100, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Karatasi ikiachia hata upande mmoja, mkondo wote unasongamana kwenye sehemu iliyobaki, na hapo ndipo panapochemka.

Kwa hiyo fundi anayechomelea risasi asikae na moto kwenye miguu ya kifaa hiki, plastiki isije ikalegea na kuachia. Kupiga jampa juu yake, yaani kukiruka kwa waya, ndiko kubaya zaidi, maana betri ya lithiamu inabaki bila mlinzi. Radi nayo isitafutiwe kinga hapa: inapiga ndani ya sehemu za milioni za sekunde, wakati polithini inahitaji muda ipate moto. Volti za ghafla ni kazi ya kifaa kingine, varista, ndiyo maana kwenye vifaa vingi viwili hivi hukaa pamoja.

Ukikipima kwa mita kikiwa baridi, kizima kwa kawaida husoma omu chache au chini ya omu moja. Kilichowahi kujifunga husoma juu kidogo kuliko kipya. Hicho bado ni kizima. Kikisoma omu mamia, tafuta kingine chenye ampea na volti zilezile.