Minyoo katika samaki wa bahari: ipi ni ya hasara, ipi ni ya hatari?

Mfanyabiashara wa Kijenge anayepokea samaki wa bahari kutoka Tanga au Dar es Salaam hulipia vitu vitatu kabla hajauza hata kilo moja: samaki, nauli na barafu. Mteja akipasua samaki na kukuta mnyoo, vyote vitatu huingia mashakani pamoja na jina la muuzaji. Hata hivyo, si kila mnyoo humdhuru mlaji, wala si kila mzigo wenye minyoo ni wa kutupwa.

Wajerumani walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Julai 1987 kipindi cha televisheni kilionyesha minyoo katika samaki aina ya heringi. Mauzo ya samaki yaliporomoka nchi nzima, hata ya aina zisizohusika. Samaki walikuwa wale wale wa wiki iliyotangulia. Kilichotoweka ni imani ya mnunuzi.

Namna ya kuitambua

Mnyoo wa kuogopwa zaidi ni anisakisi. Ni mwembamba, wa mviringo, mweupe au wa rangi ya maziwa, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3. Mara nyingi hujikunja kama springi ya saa juu ya ini, utumbo na ukuta wa tumbo la samaki. Mnyoo mkubwa huishi tumboni mwa nyangumi na pomboo. Mayai hutoka na kinyesi, wadudu wadogo wa jamii ya kamba huwameza watoto wanaoanguliwa, kisha samaki na ngisi huwala wadudu hao. Bahari yetu haikusalimika: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulitambua aina moja ya anisakisi katika samaki wa jamii ya jodari na katika faulusi wa pwani ya Somalia.

Aina ya pili ni watoto wa tegu wa papa na taa. Huonekana ndani ya mnofu kama punje au vijifuko vyeupe. Wanachukiza macho na kushusha bei, lakini hawaishi ndani ya binadamu. Vivyo hivyo tegu bapa mweupe kama utepe anayeonekana tumboni mwa dagaa wa Ziwa Victoria: makao yake ya mwisho ni ndege wala samaki.

Madhara kwa mlaji

Anayekula samaki mbichi au asiyeiva mwenye anisakisi hai anaweza kupata maumivu makali ya tumbo, kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache. Dalili hizo hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo au kidole tumbo. Mnyoo haukui ndani ya mtu. Hufa wenyewe, au daktari huutoa kwa kifaa chenye kamera. Wapo pia wanaopata mzio, na baadhi yao huupata hata kama mnyoo umekwisha kufa.

Kwa jiko letu la kawaida, dawa ipo tayari. Joto la nyuzi 60 likifika katikati ya mnofu kwa dakika moja, mnyoo hufa. Samaki aliyekaangwa au kupikwa mchuzi wa nazi hadi kuiva hana tatizo. Hatari ipo kwa anayeuzia hoteli au mkahawa unaoandaa samaki mbichi kwa wageni. Barafu ya kawaida haiui mnyoo. Ndimu, siki na chumvi kidogo navyo havitegemewi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ubaridi huo ukiwa umefika hadi kiini cha mnofu. Marekani hushauri siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Friza inayofunguliwa kila mteja anapofika haiwezi kuaminiwa bila kipimajoto.

Hesabu ya mfanyabiashara

Samaki akishakufa, minyoo inaweza kuhama kutoka utumbo kwenda kwenye mnofu. Kwa hiyo samaki aliyetolewa matumbo mapema huko pwani ni salama zaidi, na mnunuzi halipii nauli ya uchafu. Tuseme umenunua kilo 20 kwa shilingi 10,000 kila kilo. Ukitupa matumbo na nyama ya tumbo, ukabaki na kilo 16, bei yako halisi ni shilingi 12,500 kabla ya nauli na barafu. Ni afadhali kujadili tofauti hiyo na muuzaji wa pwani kuliko kuigundua Kijenge.

Fungua samaki kadhaa wa kila mzigo penye mwanga mzuri na uangalie ini na ukuta wa tumbo. Ukikuta minyoo iliyojikunja, kata sehemu hiyo, mweleze mnunuzi apike hadi kuiva, na mzigo huo usiupeleke kwa wala mbichi kabla haujagandishwa ipasavyo. Mteja aliyeelezwa ukweli leo atarudi kesho. Aliyeukuta mnyoo mwenyewe atawasimulia jirani zake.